Vyuma vya Mkono wa Baba

Usiku wa jana niliota nimeupeleka mkono wa baba dukani kuchaguliwa vyuma vya kupigia mpira wa gofu, bila baba mwenyewe. Nilikuwa nimeuviringisha kwenye taulo safi la kliniki, nimeubana kwapani. Ulikuwa mkono wake wa kulia, na haukuwa mzito.

Kabla sijaendelea, nieleze. Baba yangu, Dakta Ndesario, aling'oa meno ya watu wa Moshi mpaka alipostaafu, akaniachia kliniki, kiti, na wagonjwa wanaonung'unika kwamba mkono wangu si mwepesi kama wake. Yeye akahamia kwenye gofu. Mwaka huu, karibu na Pasaka, kiharusi kikampiga. Nguvu zimerudi, anatembea, anabishana na redio. Lakini mkono wa kulia hausikii kitu. Ukimwekea ufunguo kiganjani, au karoti, lazima atazame ndipo ajue ameshika nini. Tangu hapo hatoki nyumbani kwangu, na mkono ule anautia mfukoni kutwa nzima. Kila nikiuona ule mfuko uliotuna, roho inaniuma.

Rafiki yake wa uwanjani alimshauri abadili vyuma, achukue vile vyenye kichwa kipana vinavyosamehe, kwamba hata ukipiga vibaya mpira unakwenda tu. Baba alimjibu kwamba yeye hajamkosea mtu. Hata hivyo juzi aliniambia, akiwa ametazama dirishani: "Aikande mama, nitafutie chuma ambacho nikipiga, nitajua nimepiga. Kikikosekana, gofu basi. Na mengine basi." Hayo mengine hakuyataja. Nilimwahidi kwamba nitakipata.

Ndiyo maana hata ndotoni nilikuwa na haraka.

Duka lilikuwa ndani ya uwanja wa gofu, na uwanja wa gofu ulikuwa ndani ya kliniki yangu. Nilifungua mlango wa chumba cha matibabu nikajikuta nimekanyaga nyasi. Jua lilikuwa la saa sita na halikuonyesha nia ya kusogea. Palikuwa na geti, na askari getini amekaa kwenye stuli.

"Karibu dokta," akasema. "Acha kivuli."

"Kivuli changu?"

"Kivuli kikiangukia njia ya mpira wa mwenzako wakati anapiga, ni utovu wa adabu. Zamani tulikuwa tunawaomba watu wajihadhari. Siku hizi tunavikusanya."

Sheria hiyo naijua, maana nami nacheza gofu, kwa hiyo sikubishana. Nilikivua kuanzia visiginoni, nacho kikatoka bila taabu. Askari akakikunja mara mbili akakitundika kwenye msumari, pembeni ya vingine. Kimoja nilikitambua. Kilikuwa cha mama, na mama tulimzika zamani.

"Hiki mwenyewe hajakifuata?" nikauliza.

"Wengine hutokea mlango mwingine," askari akasema, akaendelea kula karanga.

Ukaja mfuko wa vyuma, ukitembea kwa ile miguu yake miwili myembamba ya kusimamia. Ukakohoa. "Nifuate," ukasema, "na usiwakanyage waliolala."

Nikatazama chini. Nyasi zote zilikuwa na mipira, lakini haikuwa mipira. Yalikuwa magego, yana mizizi yake, yamelala ubavu na kukoroma taratibu. Sheria ya gofu inasema mpira huchezwa pale ulipolala, kwa hiyo hapakuwa na la kushangaa. Moja nilikuwa nimeling'oa mwenyewe Jumanne, la fundi mmoja wa redio. Lilifungua jicho, likanitazama bila upendo, likalala tena.

"Vyuma vyangu vyote vimefuliwa," mfuko ukasema tukiwa njiani. "Havikumiminwa kwenye kalibu kama sufuria. Kila kimoja kimepigwa nyundo kikiwa hai. Kwa hiyo ongea navyo kwa heshima."

Nikasema nitajitahidi.

Chuma cha kwanza hakikungoja kutolewa. Kiliruka mfukoni chenyewe, kinene, kimejaa mgongoni, kina sauti ya shangazi mwenye duka la vitenge. "Karibu mpenzi, mimi ndiye unayemtafuta, wala usihangaike na wale wengine." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo nilikishika, maana ahadi ni deni, nikalipiga gego la karibu.

Nilipiga vibaya. Nilijua kabla sijamaliza kupiga, kwamba nimepiga kwa kisigino cha chuma, pale kwenye shingo. Gego likaenda moja kwa moja, juu, zuri, likatua mbele ya bendera.

"Katikati kabisa," chuma kikasema.

"Nimepiga kwa kisigino."

"Mimi sikuona kosa."

"Lakini nimekosea."

"Nani amekosea?"

Najaribu kukumbuka nilivyopiga. Sikumbuki. Natazama nyasi niliposimama, hakuna hata alama ya viatu vyangu. Naangalia mikono yangu na sina hakika kama ni mimi niliyekuja nayo. Chuma kinatabasamu kwa uso wake mpana.

"Mzee atacheza hivi mpaka mwisho wake," kikaniambia kwa upole. "Hatakosea lolote. Hatajua lolote pia, lakini hamna shida, mama."

Ndani ya taulo, mkono wa baba ukakunja ngumi. Nikakirudisha chuma mfukoni, na kwa muda nilisimama nikijitajia jina langu mpaka nikalizoea tena.

Chuma cha pili kilikuwa chembamba, hakina mgongo wala tumbo, na hakikusema kitu mpaka nilipokishika. Nikapiga. Maumivu yakaanza vidoleni, yakapanda kiwiko, yakapita bega, yakaishia kwenye jino langu la juu ambalo halijawahi kuuma. Wanaocheza gofu asubuhi ya baridi wanayajua maumivu hayo, ila hawajawahi kuyapata mpaka kwenye jino.

"Umepiga kwa ncha yangu," chuma kikasema. "Umekosea kwa upana wa nusu ukucha. Bega la kulia limewahi. Na ulikuwa unawaza kama umefunga kliniki."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sisi wengine tunamvumilia. Lakini mkono wa baba ulikuwa umefunguka ndani ya taulo, vidole vimenyooka kuelekea kwenye sauti ile. Nikafurahi sana. Nikasema, "Basi nakichukua hiki."

"Utapoteza safari yako," chuma kikasema. "Mimi sina hisia yangu. Hiyo uliyosikia ni yako, mimi nakurudishia tu. Nikipewa mkono usiosikia, sina cha kurudisha. Nitakaa kimya kama kijiko."

Furaha yangu ikaishia hapo.

Chuma cha tatu kilikuwa bubu. Mfuko ukanieleza kwamba hicho ni cha utii, kinapeleka mpira unakotaka. "Kuwa mwangalifu," ukasema, lakini haukusema kwa nini. Nikajaribu. Niliwaza kushoto, gego likaenda kushoto. Niliwaza juu ya mti, likapita juu ya mti. Mara ya tatu, nikiwa nimeshainua chuma, wazo likanipitia ambalo sikuliita, lile linalonijia kila nikiamka, kabla baba hajakohoa chumbani kwake. Nikapiga. Gego likaruka, likapinda, likavuka uwanja, likapotea.

Nilipolifuata nikajikuta migombani kwetu, Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo tunakozikia watu wetu. Gego lilikuwa limetua kando ya kaburi la mama, pale ambapo nafasi imeachwa.

"Sikulituma huku," nikauambia mfuko.

"Limekwenda ulikowaza."

Niliogopa. Na hofu ilizidi nilipoona kwamba ile nafasi haikuwa tupu. Kiti changu cha wagonjwa kilikuwa kimewekwa pale, taa yake inawaka mchana kweupe, na baba amelala juu yake, amevaa bibu ya karatasi kifuani. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekipata?"

"Bado. Kinachosamehe hakisikii. Kinachosikia hakisamehe, na kinataka mkono mzima. Hiki kinachotii kinanitisha."

Baba akafikiri, kinywa wazi, maana taa ilikuwa inamwangalia. "Msamaha kidogo sikatai," akasema. "Umri umekwenda. Na utii kidogo, nisipige magari ya watu. Lakini lazima nisikie. Nilikuwa najua jino limeng'oka kabla halijang'oka, mama. Mtu akishazoea kujua hivyo, hawezi kuishi kwa kuambiwa."

"Na nisipokipata?"

"Nitakaa hapa. Kiti hiki kizuri."

Kiti kikashuka. Nakijua mlio ule wa kuguna polepole, nausikia kila nikimteremsha mgonjwa. Nilipotazama chini, msingi wa kiti ulikuwa umeshazama udongoni. Nikakanyaga pedali ya kupandisha. Kikashuka zaidi. Nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, kikashuka mpaka magoti ya baba yakawa sawa na nyasi, naye akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye wa kuhurumiwa.

"Fundi wa kukupa unachotaka ni mmoja tu," mfuko ukasema. "Mhunzi. Yuko grini."

Nikakimbia. Migomba ikawa nyasi, nyasi zikawa fupi zaidi na zaidi, mpaka nikafika grini, pale panapokatwa chini kabisa na penye shimo la mpira. Kutoka kwenye shimo ulikuwa unapanda moshi, na nguzo ya bendera ilikuwa koleo lililosimikwa.

Sasa, wasiocheza gofu hawajui jambo hili. Mchezaji wa mkono wa kulia huvaa glavu moja tu, ya kushoto. Akifika grini huivua, apate kuusikia mpini vizuri anapousukuma mpira shimoni, kisha huichomeka mfuko wa nyuma wa suruali. Hakuna anayekukumbusha. Miguu ikikanyaga nyasi fupi, mkono unavua. Nami nilipokanyaga, nikavua glavu, ambayo sikukumbuka kuivaa, nikaichomeka nyuma, wala sikufikiri. Mazoea yana tabu.

Mhunzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye aproni ya ngozi, amechuchumaa penye fuawe. Alikuwa na mdomo na masikio makubwa. Mahali pa macho palikuwa na ngozi tupu, laini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa ulichotoa."

"Sijatoa kitu."

"Umeshatoa." Na kweli alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto, ule uliovuliwa, anaupapasa kiungo kwa kiungo. Mikono yake ilikuwa baridi kwa mtu anayekaa motoni. "Kwenye uhunzi wangu, mkono uliofunikwa ni wa mgeni. Mkono uliovuliwa ni wa kutolewa. Wacheza gofu wote huja wakivua. Sijapata kukosa hisia tangu mchezo huu ulipoletwa."

Nikamweleza kwamba nimekosea, ni desturi tu. Nikamwonyesha taulo. "Mkono niliouleta ni huu."

"Huo ni wa kupokea," mhunzi akasema. "Sikiliza. Chuma nitakufulia. Uzito nitaushusha chini kidogo, mzee apate msamaha wa kumtosha umri wake. Uso nitaunyoosha, apate utii wa kumfikisha asikokuogopa. Hayo mawili yamo ndani ya nyundo. Hisia haimo. Hisia haifuliwi, hutolewa mkononi mwa mtu ikatiwa mkononi mwa mwingine, chuma ni njia tu."

"Unataka kiasi gani?"

"Mkono mzima."

Nikamwambia mimi ni daktari wa meno. Mkono wa kulia unashika koleo, lakini wa kushoto ndio unaoingia kinywani mwa mtu, unapapasa fizi, unajua mzizi umelala upande gani. Bila mkono huo nitakuwa navunja taya za watu kwa kubahatisha, na wagonjwa wangu tayari wana maneno.

"Basi vaa glavu yako uende," mhunzi akasema, bila hasira yoyote. "Chuma hakijaingia majini, bado unaweza. Ila kikishaingia, haivaliki tena."

Nyuma yangu, mbali migombani, nikasikia kiti kikiguna.

Mimi ni Mchagga. Hata ndotoni siwezi kukubali bei ya kwanza. Nikachuchumaa mbele ya yule mama tukaanza.

"Mkono mzima ni mwingi," nikasema. "Mzee hahitaji mkono mzima usikie. Anahitaji pa kuanzia tu."

"Vidole vitatu."

"Mama, vitatu ni mkono, tofauti ni jina tu. Chukua kisigino cha kiganja. Kina nyama nyingi."

"Kisigino cha kiganja hakijui kitu. Viwili."

"Kimoja."

Mhunzi akageuza uso wake usio na macho kuelekea kule kiti kilikokuwa. Alikuwa anasikiliza kimebakiza nini. "Kimoja," akasema. "Lakini nachagua mimi. Na hutaambiwa ni kipi."

Kiti kikaguna tena, kirefu zaidi. Nilitaka kusema nipe muda. Nilitaka kumwuliza angalau kiwe kidole cha mwisho. Nikawaza baba amelala kule na bibu yake ya karatasi, udongo umefika kifuani, na bado anaona haya kuita. Uchungu ukanijaa.

"Haya," nikasema.

Akanipa mivukuto, maana anayeagiza chuma ndiye anayevuvia moto. Navuvia. Moto unapanda kutoka kwenye shimo la mpira, unanukia kliniki, karafuu na dawa ya ganzi. Anapiga. Kipande kinakuwa kirefu, kinajipinda shingo, kinapata kisigino, ncha, uso. Kila akipiga, mmoja wa waliolala uwanjani anaamka na kukaa kitako, mpaka magego yote yametuzunguka na yananyamaza. Halafu mhunzi anakishika chuma kwa koleo, ananishika mkono wangu kwa mkono wake baridi, anavitumbukiza vyote viwili kwa pamoja shimoni, ambamo moto umeshageuka maji.

Maji yakafoka. Nikasikia kila kitu kwa wakati mmoja: baridi, moto, ukali wa chuma, kila fizi niliyowahi kupapasa. Kisha nikasikia kila kitu kasoro kimoja. Nikachezesha vidole vyote vitano, vyote vikacheza, na sikuweza kujua ni kipi.

"Imeingia," mhunzi akasema, akageuka kuanza kazi nyingine.

Mkono wa baba ukafungua taulo wenyewe. Ukaugusa mpini, ukasita, ukaukaza, ukaulegeza. Ulikaa hivyo muda mrefu. Kisha ukaondoka kwa vidole kuvuka grini, ukiburuta chuma, kuelekea migombani, na magego yakaupisha. Nikatega sikio. Kiti kilikuwa kimenyamaza.

Getini askari alikuwa bado anakula karanga. Akakikunjua kivuli changu, akakikung'uta vumbi, lakini hakunipa.

"Unatokea mlango upi?" akauliza.

"Huu huu nilioingilia."

"Wote husema hivyo," akasema, akakitupa miguuni pangu.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda, dirisha jeupe. Kutoka mezani nikasikia kikombe kikiwekwa kwa nguvu, na chai ikimwagika.

"Aikande," baba akaita.

Nikaenda peku. Alikuwa amekaa mbele ya chai yake, mkono wa kulia uko nje ya mfuko, anaupuliza vidole.

"Nani amemimina chai ya moto namna hii?" akauliza. "Kikombe hakishikiki."

Tulikuwa wawili tu, na aliyemimina alikuwa yeye. Akanitazama. Akakigusa kikombe tena kwa mkono ule ule, akautoa haraka, akakigusa tena, akautoa, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele, huku anaendelea kugusa. Nami nikalia, kwa furaha, nikishikilia mgongo wa kiti chake.

"Ngoja nikupoozee," nikamwambia nilipoweza kusema.

Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaushika ubavu wa kikombe. Vidole vinne vikaruka vyenyewe. Cha shahada, ninachokitumia kutafuta mzizi ndani ya kinywa cha mtu, kikabaki kimetulia kwenye kikombe, mpaka nilipokitazama na kukiondoa.